Nati ya Mwisho

Mwezi uliopita nilipeleka mahindi kusagwa, nikaondoka kisiagini bila unga na bila gunia. Watu kwenye foleni walidhani nimeshikwa na malaria. Kilichonishika ni harufu ya mkanda wa mashine unaoungua, harufu nzito ya mpira inayoingia kooni na kukataa kutoka. Mashine ilikuwa inanguruma kwa nguvu zote na unga hautoki. Mwenye kisiagi akaizima, akafungua kifuniko, akapitisha kidole kwenye mkanda. Kidole kikatoka cheupe.

Akauliza nani amepaka unga wa mawe pale. Mkewe akajibu kwamba ni yeye, maana mkanda ulikuwa unalia tangu Jumatatu na kichwa chake kimechoka. Mzee wa watu hakumgombeza. Alimweleza taratibu kwamba unga wa mawe laini ya Tabaka, yale ya kuchongea vinyago, hunyamazisha mkanda kweli, lakini mkanda ukishanyamazishwa hivyo haushiki puli tena, unateleza tu. Heri ulie ukifanya kazi, alimwambia. Kisha akachukua kitambaa akaanza kuufuta.

Nilipoona kile kitambaa, nilitoka foleni nikaliacha gunia pale pale. Nilikuwa nimewahi kuona mkono mwingine ukifuta unga kama huo kwenye mkanda, mbele ya wanaume watano waliokasirika, nikiwa na miaka tisa. Na tangu siku ile, kwa zaidi ya miaka ishirini, nilikuwa nimemdharau mwenye mkono ule. Alikuwa baba yangu.

Sisi si wa huku kwa asili. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, wakaja Masimba kabla sijazaliwa kwa sababu baba alipata nafasi ya kufungua gereji kando ya barabara, baina ya duka la mbolea na chumba cha Mama Kemunto. Nyumbani tuliongea Kijaluo, dukani Kiswahili, na mimi shuleni nikaokota Kikisii cha kutosha kutukana na kutukanwa. Baba aliitwa Fundi Ochieng. Mama hakupenda neno fundi kuja kabla ya jina, alisema linamfanya mumewe aonekane hana kitu kingine. Baba yeye alilipenda sana.

Baba alikuwa na mambo mawili yaliyomtofautisha na mafundi wengine. La kwanza ni nondo. Alikuwa na kipande cha nondo, urefu wa mkono wangu wa wakati ule, kilichosuguliwa ncha zote hadi zikang'aa. Ncha moja aliiweka kwenye mashine inayonguruma, nyingine nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Wenye magari walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili walinyamaza, kwa sababu baba angefumbua macho na kutaja kitu kilichoharibika kabla hajafungua hata skrubu moja. Aliponipa nondo ile nisikilize, nilisikia maji yakichemka, nikasikia mtu akitafuna karanga, nikasikia mlango ukigongwa mbali. Baba aliniambia kila sauti ni ya nani. Huyu ni beringi, huyu ni cheni, huyu ni hewa tu, mwache aende zake. Nilikuwa mtoto wa pekee, na mimi ndiye niliyefundishwa hayo. Mama alilalamika kwamba ninanuka dizeli kanisani.

La pili ni nati ya mwisho. Kazi ikiisha, nati zote zikiwa zimekazwa isipokuwa moja, baba alimwita mwenye chombo asogee. Mbele ya macho yake anaikaza ile ya mwisho, anaweka spana chini, anasema, "Nimefunga mimi, Ochieng." Na mwenye chombo lazima ajibu, "Nimesikia." Asipojibu, baba hampi ufunguo. Alisema alipofundishwa kazi aliona mafundi wakisukumiana lawama gari likiharibika njiani, huyu anasema ni yule, yule anasema ni huyu, na mwenye gari anabaki katikati kama mpira. Kwa hivyo kwake ilikuwa sheria. Aliyekaza nati ya mwisho ndiye mwenye neno, na neno hilo hulisema kwa jina lake. Ukipita Masimba jioni ungesikia mtu akijibu "Nimesikia" kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Nilipokuwa na miaka tisa ndipo kwadi ya Momanyi ilipokuja. Hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho kwetu. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, manene, yenye meno ya kukamata tope, nyekundu yote, na kiti kimoja kilichopachikwa juu kama tandiko la punda. Momanyi alikuwa kijana wa Manga mwenye duka la simu, mwenye kucheka kwa sauti, na alikuwa ameanza kushindana na vijana kutoka miji mingine waliokuja na kwadi zao juu ya malori. Alishinda mara moja huko nje. Sasa mashindano yalikuwa yanakuja kwao, kwenye mteremko wa Manga, mbele ya mama yake na walimu waliomfukuza shule. Ungemwambia nini mtu kama huyo.

Ila kwadi ilikuwa mgonjwa. Alieleza kwamba akiongeza mafuta injini inapiga kelele, inapanda sauti, lakini kwadi haiendi kwa kiasi cha ile kelele. Mlimani ndio kabisa. Na harufu ya kuungua. Fundi mmoja alikuwa ameifungua injini yote akairudisha. Mwingine alimwambia gia zimekufa, aagize nyingine ng'ambo.

Baba hakufungua chochote siku ya kwanza. Alimwambia Momanyi aiwashe, akaweka nondo kwenye injini, akatikisa kichwa, huyu mzima. Akaweka kwenye boksi ya gia nyuma, akasikiliza hadi nikachoka kusimama, huyu naye mzima. Kisha akaweka kwenye kifuniko cha plastiki ubavuni. Alinipa nondo. Nilisikia kitu kikigonga gonga taratibu, kisha mlio mwembamba, mrefu, wa kuudhi, kama wa mbwa aliyefungiwa nje. Nilimwambia baba kuna mtu analia humo ndani. Akasema, haya, tumempata.

Ndani ya kifuniko hakukuwa na gia nilizozitarajia. Kulikuwa na puli mbili na mkanda mpana wa mpira katikati yake. Baba alinionyesha kwamba puli ya mbele hujibana kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, na mkanda hupanda juu yake, na huko kupanda ndiko kubadilisha gia. Alichukua kalamu nzito, akachora mstari mweusi usoni mwa puli, kutoka katikati hadi ukingoni. Akarudisha kifuniko, Momanyi akaenda nayo hadi kituo cha mafuta na kurudi, tukafungua tena. Mstari ulikuwa umefutika nusu tu. Juu ulibaki mweusi vile vile. "Hapa ndipo mkanda wako unapochoka," baba akamwambia. "Haufiki juu." Akaifungua puli, akatoa roli sita ndogo za kuisukuma ijibane, akazipanga juu ya gazeti. Kila moja ilikuwa imeliwa upande mmoja, imekuwa bapa. Na mkanda wenyewe ulikuwa umeng'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu, umeungua.

Momanyi alikaa chini pale pale kwenye mafuta. Mafundi wawili wameshindwa, na huyu mzee kaona kwa kalamu. Nilijivuna siku hiyo hadi nikaudhi darasa zima.

Roli na mkanda mpya vilifika Ijumaa, siku mbili kabla ya mashindano. Kwa wengi wa huku Jumamosi ni ya kanisa, haifanyiki kazi wala michezo, kwa hivyo mashindano yaliwekwa Jumapili, na kwadi lazima iwe tayari Ijumaa kabla jua halijazama. Mama hakufurahishwa na hiyo Jumapili. Alimwambia baba kwamba akinipeleka mlimani badala ya kanisani, lolote litakalotokea asije akamlilia yeye. Maneno ya kawaida ya mama. Lakini niliyasikia, na yalikaa.

Baba alifunga roli mpya, akafunga mkanda. Momanyi akaizungusha mara mbili barabarani. Kwadi ilikuwa na nguvu, ilimrusha nyuma karibu aanguke. Ila kila ilipoondoka ililia. Kilio kifupi, chembamba, kile kile. Momanyi alikunja uso, akauliza kama italia vile mbele ya watu. Baba akamwambia ni mkanda mpya, utalia kidogo mpaka uzoee. Alimwambia pia, na hili nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu alimshika bega akilisema, "Ikilia usiogope. Ikinyamaza ghafla ndiyo uogope."

Mimi sikuyaelewa. Nilichoona ni baba akiufungua ule ubavu tena kuangalia, uso umekunjamana. Nilichosikia ni yule mtu ndani ya kifuniko bado analia, baada ya kazi yote ile. Nilidhani baba ameshindwa na hataki kusema. Nilimwonea huruma sana. Ukiniuliza leo dhambi yangu ilianzia wapi, nitakwambia ilianzia kwenye huruma ile.

Sasa, Mama Kemunto jirani yetu alikuwa mtu wa Tabaka. Ndugu zake walimletea vinyago vya mawe visivyokamilika, yeye akavisugua kwa msasa na maji mlangoni mwake hadi vikawa laini, kisha wanunuzi wakavipitia. Ule unga uliobaki aliuanika, akauweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ulikuwa mweupe, mororo, unateleza vidoleni hadi unashindwa kuushika. Aliutumia kwa kila kitu. Mlango ukilia, unga. Kitanda kikilia, unga. Viatu vyangu vya Jumapili vilikuwa vinapiga kelele hadi mchungaji anatazama, na ni yeye aliyevinyamazisha. Alinicheka akasema unga wake unanyamazisha hata mtoto.

Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Nyamira, kama kila alasiri. Nati moja ya kifuniko ilikuwa imelika meno, baba akavuka barabara kwenda kutafuta nyingine dukani. Momanyi alikuwa kwenye simu. Nilikimbia kwa Mama Kemunto, nikachukua kopo bila kumwambia, nikarudi. Nilipaka. Nilipaka kwa mikono yote miwili, mkanda wote ninaoufikia, na nyuso za puli, nikapulizia mwingine ndani. Nilifanya kwa uangalifu, nisije nikamwaga chini. Kisha nikachukua kifuniko, nikakirudisha mahali pake, nikazishikisha nati zote kwa vidole isipokuwa ile moja iliyokosekana. Kopo nikalirudisha. Mikono nikaifuta kwenye sketi.

Baba alirudi akakuta kifuniko kimekaa sawasawa. Alisimama. Sijawahi kumwona akifurahi vile, hata siku niliyofaulu mtihani. Akaniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi. Akazikaza zile nyingine moja moja, akaitia ile mpya, kisha akanipa spana. Akamwita Momanyi asogee. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye mabati, matone makubwa machache. Nilining'inia kwenye ile spana kwa uzito wangu wote hadi nati ikakataa kusogea.

"Nimefunga mimi, Akinyi," nikasema.

Momanyi alicheka. Hakujibu "Nimesikia" mara moja. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Haya, omoiseke," akaniita msichana kwa Kikisii. "Basi nikianguka nitakuja kwako." Kisha akasimama, akamtazama baba, akasema, "Nimesikia."

Aliiwasha. Ikaondoka kimya. Kilio hakikuwepo tena. Momanyi aliinua kidole gumba akapotea kwenye mvua kuelekea kwao, na mimi nikarukaruka. Baba hakuruka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza mahali ambapo kwadi ilikuwa imepita. Alivuka hadi ukingo wa barabara akasimama pale analowa. Nilidhani anajivunia kazi yangu.

Jumapili tulipanda Manga kwa miguu kutoka pale boda boda walipokwama kwenye tope. Kulikuwa na watu wengi, watoto juu ya miparachichi, akina mama wamefunga vitambaa vya kanisa la jana. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mlimani, unakuja na kuondoka. Tuliweza kusikia kwadi kabla ya kuziona, na kila moja ilikuwa na sauti yake. Baba alinishika mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja tena, akiitafuta moja kati ya hizo.

Momanyi alipita mbele yetu wa pili. Alituona, akanipungia mimi. Mlima pale unageuka kushoto kisha unasimama wima, na wote walikuwa wakiupanda kwa kasi moja bila kupunguza. Aliyemtangulia akapita. Momanyi alipofika katikati, injini ilipiga kelele. Ilipanda sauti, ikapanda, ikapanda tena, na kwadi ikasimama. Nilisikia watu wakishangilia, walidhani ni ufundi. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Magurudumu ya mbele yakainuka. Baba aliachilia mkono wangu akaanza kukimbia kupanda kabla mtu mwingine yeyote hajasogea, na wakati ule ule harufu ikatufikia, mpira unaoungua, ndani ya ukungu.

Ilimwangukia. Ikamwangukia tena. Sitaeleza zaidi.

Usiku ule sikulala, na nitasema kwa nini, ingawa ni aibu. Sikuwa namlilia Momanyi. Nilikuwa nafikiria nati yangu. Nilikuwa na uhakika haikukaza, mikono yangu ni midogo, kifuniko kimefunguka mlimani. Na aliniambia akianguka atakuja kwangu. Kila mlango uliposogea kwa upepo nilijua ni yeye, anakuja anajikokota. Unga haukunijia akilini hata kidogo. Unga ulikuwa dawa.

Jumatatu ndugu zake wanne na mjomba wao walileta kwadi kwa pikapu, wakaishusha gerejini bila salamu. Momanyi alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika na mguu wa kushoto haujulikani kama utabaki. Walimwambia baba afungue mbele yao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mapipa ya oili, naona kila kitu. Baba akashika spana, akaanza na nati yangu. Haikutoka. Alitumia mikono miwili, akatumia goti. Mjomba wao mwenyewe akasema, hii ilikazwa. Nilipumua. Nakumbuka furaha niliyopata, Mungu anisamehe, furaha tele, mimi sina kosa.

Kifuniko kikatoka. Baba alikuwa amewapa mgongo, kwa hivyo mimi niliona kabla yao. Ndani kulikuwa kweupe, na mahali penye joto unga ulikuwa umegeuka kijivu na kugandamana na mpira uliokatika nyuzi. Baba hakusogea. Aliweka kidole, akakitazama. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi nyuma ya mapipa, kwa muda mrefu, na sketi yangu, ile ile ya Ijumaa, ilikuwa bado na alama mbili za mikono pajani. Akachukua kitambaa kutoka mfukoni. Akafuta. Alifuta puli, akafuta mkanda, haraka, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi kabla wageni hawajaingia. Alipogeuka kitambaa kilikuwa mfukoni tena.

"Mkanda umeteleza," akawaambia. "Kosa ni langu. Nimefunga mimi, Ochieng."

Hakuna aliyejibu "Nimesikia." Mjomba wao alitema mate chini, wakapakia kwadi wakaondoka.

Haya ndiyo niliyoyaelewa mimi, mwenye miaka tisa. Kwamba baba amesema uongo, kwa sababu aliyefunga ni mimi. Kwamba nilifunga vizuri, mjomba amethibitisha, na baba hataki nisifiwe. Kwamba ndani kulikuwa na ubovu wa kazi yake mwenyewe na ameufuta asionekane, pamoja na dawa yangu. Niliunganisha hayo nikapata baba mwoga na mwongo, na nikaishi na baba huyo hadi nikawa mtu mzima.

Wateja waliisha. Hakuna aliyemtukana, walimsalimia tu na kupita. Miezi ikapita, siku moja Momanyi akatokea Masimba kwa magongo. Nilijificha nyuma ya mapipa yale yale. Alisimama ng'ambo ya barabara akaitazama gereji kwa muda, kisha akasema kwa sauti, ili kituo kizima kisikie, kwamba kama kuna mtu anataka kilema aende kwa Mjaluo. Baba alikuwa mlangoni. Aliinama akaokota skrubu isiyokuwepo. Mwaka haukuisha, akafunga gereji, akaenda kuajiriwa kwenye karakana ya mtu mjini Kisii, akiamrishwa na watu aliowafundisha kushika spana. Nondo aliiacha nyumbani, juu ya kabati.

Nilipokuwa sekondari tuligombana juu ya kitu kidogo, sikumbuki, labda kuchelewa. Nilimwambia, "Wewe ni fundi wa kuangusha watu." Mama alishika mdomo. Baba aliniangalia kama siku ile ya kitambaa, kisha akasema chai yangu inapoa. Hilo tu.

Kwa hivyo nilipotoka kisiagini nilikwenda moja kwa moja kwake. Mama alishafariki. Baba hakurudi ziwani, anaishi pale pale Masimba, amepanda sukuma wiki palipokuwa na gereji. Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linaelekea huko. Nilikaa kushoto kwake nikamwambia yote, kwa sauti ya juu kiasi kwamba majirani walitoka nje. Unga, kopo, sketi. Nililia nikisema. Nilimwomba msamaha kwa lile neno nililomwambia siku ya chai.

Aliendelea kuchambua mboga. Aliniambia alijua unga ni wa nani tangu alipouona, nani mwingine. Akasema lakini yeye alipaswa kufungua tena. Fundi akikuta kifuniko kimefungwa na mkono mwingine anafungua anaangalia, hata kama ni mkono wa nani. "Sikufungua kwa sababu nilifurahi," akasema. "Nilifurahi sana, nyathina, mtoto wangu. Na hata ilipoondoka kimya nilisikia. Nikasema labda ni mvua."

Nilimwambia hata hivyo neno lilikuwa langu. Nikalisema pale, miaka ishirini na zaidi baadaye. Nimefunga mimi, Akinyi. Nilingoja anijibu "Nimesikia," niende nikalale.

Aliweka kisu chini. "Hilo haambiwi fundi," akasema. "Anaambiwa mwenye chombo."

Nimekwenda Manga Jumapili iliyopita. Boda boda aliniacha njia panda, nikapanda kwa miguu katikati ya majani chai, na kila hatua niliyopanda nilitamani kuteremka. Momanyi alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki, anatengeneza redio. Amenenepa, nywele zimepungua, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake haukunjiki. Gongo limeegemea ukutani. Aliniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Fundi Ochieng, na uso wake ukajifunga. Nikasema kabla sijakimbia, nikaeleza kila kitu nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Nikamalizia na lile neno.

Aliendelea kukaza skrubu ya redio. "Nilisema nitakuja kwako," akasema mwishowe. Kisha akauliza kama baba alijua. Nikasema alijua siku ile ile ya Jumatatu.

Alitazama mguu wake. Alisema baba alimjia hospitalini, yeye akiwa amefungwa bendeji kila mahali, akainama, akamwambia kosa ni lake, na Momanyi akamtemea mate usoni, mbele ya wagonjwa wote. Na baba akangoja kama kuna lingine, kisha akajifuta, akaenda. Redio ikamponyoka Momanyi ikaanguka. Sikuthubutu kuiokota.

"Wewe sijui nitakufanya nini," akasema. "Usidhani nimekusamehe. Sijui. Nenda ukae kule mbali." Nikasogea. Akanyoosha mkono akalichukua gongo. "Yule mzee yuko?"

"Yuko."

"Anasikia?"

Nikamwambia sikio moja tu, na hilo nalo linaisha. Akaanza kutafuta kiatu chake chini ya kiti kwa gongo, kwa haraka, akikosa, akitafuta tena, na nilipopiga hatua kumsaidia akaniambia nisimguse, niite boda boda ya kwenda Masimba.